Wanaume Wawili na Raha Mustarehe: Kuielewa Riwaya ya Mapenzi Kati ya Wanaume

Mwishoni mwa Novemba 2025 ulianza kurushwa mfululizo wa televisheni kutoka Kanada uitwao Heated Rivalry. Haukupita muda mrefu, watu ambao hawajui hata mpira wa magongo wa barafuni unachezwa na watu wangapi wakawa wanajadili mahusiano ya wachezaji wawili wa kubuni, mmoja Mkanada na mwingine Mrusi, kana kwamba wamekua nao. Wengi walikuja kujua baadaye kwamba mfululizo huo umetokana na riwaya ya Rachel Reid iliyotoka mwaka 2019, na kwamba riwaya hiyo ni moja tu kati ya maelfu ya riwaya za mapenzi kati ya wanaume zinazoandikwa siku hizi.

Tangu hapo maswali yamekuwa yakigongana. Huyu anasema hivyo ni vitabu vya ngono vilivyovikwa nguo. Yule anasema ni fasihi ya kudai haki. Wa tatu anauliza mbona waandishi wengi ni wanawake. Wa nne anataka aambiwe, katika wale wawili, mwanamke ni yupi.

Mimi ni msomaji wa muda mrefu wa riwaya hizi na ninazithamini, kwa hiyo huniuma kuona zikisifiwa kwa jambo zisilo nalo na kulaumiwa kwa jambo zisilolitenda. Nitajaribu kulifungua fundo hili taratibu, nikianza na maneno yenyewe.

Tunaposema "riwaya ya mapenzi"

Si kila riwaya ambayo ndani yake watu wanapendana ni riwaya ya mapenzi. Riwaya za kijasusi zina mapenzi, za vita zina mapenzi, hata za kutisha. Fikiria nyumba. Pazia likiondolewa, nyumba inabaki imesimama. Nguzo ikiondolewa, inaanguka. Katika riwaya ya kijasusi mapenzi ni pazia. Katika riwaya ya mapenzi ndiyo nguzo: ukiyatoa, hakuna kisa kinachobaki.

Chama cha Waandishi wa Riwaya za Mapenzi cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1980, kiliueleza utanzu huu kwa masharti mawili. La kwanza, kisa kikuu kiwe cha mapenzi. La pili, mwisho umridhishe msomaji na uwe na matumaini. Sharti hilo la pili sisi tumelisikia tangu utotoni kwenye ngano: "wakaishi raha mustarehe." Waandishi wa leo wamelilegeza kidogo. Si lazima wahusika waoane wala waapiane milele. Inatosha tukiwaacha wakiwa pamoja, wana furaha kwa wakati huo, na mbele yao pako wazi.

Kuna wanaodhani sharti hilo linaua utamu, maana mwisho unajulikana kabla ya ukurasa wa kwanza. Lakini msomaji wa hadithi za upelelezi naye anajua kwamba muuaji atajulikana, na bado analala usiku wa manane. Kinachomshika ni namna. Katika riwaya ya mapenzi taharuki imejengwa juu ya swali moja: hawa wawili, kwa jinsi walivyo na kwa yaliyo kati yao, watafikaje huko?

Neno "ya kisasa" nalo huchanganya watu. Halihusu mwaka ambao kitabu kilichapishwa. Maana yake ni kwamba kisa kinatokea katika ulimwengu wa leo, wenye simu za mkononi, kazi za kuajiriwa na kodi ya nyumba. Riwaya iliyotoka jana kuhusu mabaharia wawili wa karne ya 18 ni ya kihistoria, hata kama wino wake haujakauka.

Kisha kuna neno la kuwaita wahusika wenyewe. Magazeti mengi ya Kiswahili huandika "mashoga". Neno hili lina historia ya kusikitisha kidogo, kwa sababu wanawake wamekuwa wakiitana "shoga" kwa maana ya rafiki wa chanda na pete, na bado wanaitana hivyo. Kumbe likielekezwa kwa mwanaume mara nyingi linarushwa kama jiwe. Tena haliwaenei wahusika wote, maana wapo wanaopenda wanaume na wanawake pia. Humu nitasema "wanaume wapendanao", kwa kuwa ndicho wanachokifanya kwenye vitabu hivi: wanapendana.

Mwisho mwema ulikuwa kosa

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Wapenzi mwanaume na mwanamke wanapoishia pamoja, msomaji anatabasamu, anafunga kitabu, anaenda kulala. Wanaume wawili wanapoishia pamoja, wakiwa hai, bila kutengana wala kufungwa, kuna karne nzima ya vitabu nyuma yao ambamo jambo hilo halikuruhusiwa kutokea.

Mwingereza E. M. Forster alikwenda kumtembelea mwandishi Edward Carpenter, aliyekuwa akiishi na mwenzi wake George Merrill katika kijiji cha Millthorpe. Merrill alimgusa Forster kwa nyuma, chini ya kiuno, mguso mwepesi tu. Forster aliandika baadaye kwamba mguso ule ulimwingia mgongoni na kupenya hadi kwenye fikra zake, na hapo hapo riwaya ikatunga mimba. Aliiandika mwaka 1913 na 1914 na kuiita Maurice: kijana wa tabaka la kati anampenda mtunza wanyama wa mawindo, na mwishowe wanachaguana na kwenda kuishi pamoja.

Aliikamilisha, akaifungia. Wakati huo mapenzi kati ya wanaume yalikuwa jinai Uingereza, na Forster alieleza waziwazi kwamba tatizo halikuwa wapenzi wenyewe. Kama angemaliza kwa kijana kujitia kitanzi, au kwa wawili hao kukubaliana kufa pamoja, kitabu kingeweza kutoka bila shida. Lakini alikuwa ameshaamua kwamba mwisho mwema ni lazima, la sivyo asingejisumbua kuandika. Sheria ililegezwa England na Wales mwaka 1967. Forster alifariki mwaka 1970 akiwa na umri wa miaka 91, na riwaya ikachapishwa mwaka 1971. Muswada ulikaa zaidi ya nusu karne ukipitishwa kwa marafiki wachache, kwa sababu watu wawili ndani yake hawakufa.

Nimeisimulia habari hii kwa urefu kwa makusudi. Anayesema "hizi ni hadithi tamu tamu tu, hazina uzito" hajui utamu huo uligharimu nini. Kwa miaka mingi mhusika mwanaume ampendaye mwanaume mwenziwe alikuwa na njia chache za kutokea kitabuni: kujiua, kuuawa, kuoa kwa huzuni, au kubaki peke yake dirishani. Miaka ya 1980 na 1990 UKIMWI ukaongeza vitabu vingi vya maombolezo, na vilistahili kuandikwa, maana waliokuwa wakifa walikuwa watu halisi. Lakini kijana aliyekulia katika maktaba kama hiyo alijifunza somo moja: watu kama wewe hawafiki ukurasa wa mwisho.

Kwa hiyo hadithi ya Annie Proulx, Brokeback Mountain, iliyotoka mwaka 1997 na kufanywa filamu mwaka 2005, ni hadithi kubwa ya mapenzi, ila kwa maana ya utanzu si riwaya ya mapenzi. Mmoja anakufa, mwingine anabaki na shati. Mtu aliyeitazama, akalia, kisha akaomba apendekezewe "nyingine kama ile", akipewa riwaya ya mapenzi ya kisasa atashangaa kwa nini watu humu wanacheka. Wote wawili, aliyependekeza na aliyependekezewa, wametumia neno moja kwa vitu viwili.

Sheria ikibadilika, kisa nacho hubadilika

Riwaya ya mapenzi haiendi bila kikwazo. Wawili wakipendana siku ya kwanza na mambo yakanyooka, kitabu kinaisha kwenye ukurasa wa kumi. Swali la mwandishi ni: kikwazo kitoke wapi?

Zamani hakukuwa na haja ya kufikiri. Kikwazo kilikuwa gereza. Uholanzi ilipokuwa nchi ya kwanza kuruhusu ndoa za jinsia moja mwaka 2001, ikafuatiwa na nyingine, zikiwemo Afrika Kusini mwaka 2006, Marekani nzima mwaka 2015 na Taiwan mwaka 2019, waandishi wanaoweka visa vyao katika nchi hizo walipata mwisho ambao Forster hakuwa nao, yaani harusi, na wakapoteza kikwazo ambacho Forster alipewa bure. Ikabidi watafute ndani ya watu wenyewe. Huyu aliachwa akiwa mdogo, haamini kwamba mtu anaweza kubaki. Yule ana kazi inayomla. Mwingine amefiwa na mwenzi wake na anajiona msaliti kila anapotabasamu.

Ndiyo maana michezo imekuwa uwanja unaopendwa sana na waandishi hawa. Nchi inaweza kuruhusu ndoa, lakini chumba cha kubadilishia nguo kina sheria zake. Mpaka mfululizo ule wa Kanada unaanza kurushwa, hakuna mwanaume hata mmoja aliyewahi kucheza ligi kuu ya magongo ya barafuni ya Amerika Kaskazini, NHL, aliyekuwa amejitangaza hadharani kuwa anapenda wanaume. Ligi imedumu zaidi ya miaka 100. Mwandishi akiweka wapenzi wawili humo hahitaji kubuni hofu. Hofu ipo tayari, ya kweli, inasubiri wahusika.

Mambo ya afya nayo yamebadilisha namna watu wanavyozungumza kitabuni. Marekani iliidhinisha dawa ya kumkinga mtu asiambukizwe VVU mwaka 2012, na sasa si ajabu kukuta wahusika wawili wakiulizana kuhusu vipimo na vidonge kwa sauti ile ile wanayoulizana nani atafunga mlango. Mtu aliyekulia kwenye vitabu vya maombolezo akikutana na mazungumzo hayo mafupi, ya kawaida kabisa, huweza kusimama na kusoma tena mistari ile miwili.

Mkwaju na wanawake walioushika kalamuni

Sasa kuhusu wanawake. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya waandishi na wasomaji wa utanzu huu ni wanawake, ingawa wanaume wapo, na wengi wao ni wanaume wapendao wanaume. Hili halikutokea kwa bahati mbaya, na wala halikuanza jana.

Mfululizo wa Star Trek ulirushwa Marekani kati ya mwaka 1966 na 1969. Mashabiki wake, wengi wakiwa wanawake, waliendelea kuandika hadithi zao wenyewe kuhusu wahusika wale, wakazichapa na kutumiana kwa posta. Baadhi waliona kwamba uhusiano kati ya nahodha Kirk na msaidizi wake Spock ulikuwa na kina kuliko wa nahodha na mwanamke yeyote aliyepita kwenye kipindi. Wakaandika hivyo, hadithi ya kwanza ya namna hiyo inayofahamika kuchapishwa ni ya mwaka 1974. Ili kutofautisha hadithi za urafiki na za mapenzi, waliandika K/S, herufi mbili na mkwaju katikati, na mkwaju ule, slash, ukawa jina la aina nzima ya uandishi kwa Kiingereza. Alama ya uandishi ikawa ishara ya mapenzi.

Miaka hiyo hiyo ya 1970, upande wa pili wa dunia, wanawake wa Japani waliokuwa wakichora katuni za wasichana walianza kuchora wavulana wanaopendana. Kutoka hapo vikaota vitabu, majarida na istilahi, na hatimaye riwaya za Uchina zinazoitwa danmei na tamthilia za Thailand zinazotazamwa duniani kote. Mito hii miwili haikuchimbwa na mtu mmoja, na kwa muda mrefu haikujuana. Hilo pekee linaonyesha kwamba kulikuwa na kiu.

Kiu ya nini? Mwandishi Joanna Russ, katika miaka ya 1980, alieleza kwamba hadithi za mkwaju ziliwapa wanawake taswira ya mapenzi kati ya watu walio sawa. Mimi naona alikuwa na haki. Katika riwaya nyingi za mwanaume na mwanamke, kabla hawajaonana tayari kuna orodha isiyoandikwa: nani amfuate mwenzake, nani alipe, nani aache kazi mtoto akizaliwa, nani aogope kutembea usiku. Weka wanaume wawili, orodha inapotea, na kila jambo linabidi lijadiliwe upya. Msomaji mwanamke anaweza kujiweka kwa yeyote kati yao, au asijiweke kwa yeyote, akatazama tu watu wawili wenye nguvu sawa wakijifunza kuwa laini.

Kisha ikaja intaneti, na mwaka 2009 hazina ya mtandaoni ya hadithi za mashabiki iitwayo Archive of Our Own. Kabla yake, mwaka 2007, kilitoka kifaa cha Kindle. Vitabu vya kidijitali vilileta faida moja ambayo watu huisahau: havina jalada la kuonekana. Mtu aliweza kusoma ndani ya basi, kazini, nyumbani kwa wazazi, na hakuna aliyejua. Wachapishaji wadogo wa kidijitali wakastawi kwa kuuza kile ambacho maduka yalikuwa yakikiogopa. Ilipofika mwaka 2019, riwaya ya Casey McQuiston kuhusu mtoto wa rais wa Marekani na mwanamfalme wa Uingereza ilitolewa na mchapishaji mkubwa na kuingia katika orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi ya gazeti la The New York Times. Mlango wa mbele ulikuwa umefunguliwa.

"Katika hao wawili, mwanamke ni nani?"

Hakuna. Hilo ndilo jibu.

Lakini swali lenyewe lina asili, na wanaouliza si wote wana nia mbaya. Wamezoea kuamini kwamba mapenzi yana viti viwili, kimoja cha kiume na kingine cha kike, na kila kiti lazima kipate mkaaji. Hata vitabu vya zamani vya Japani vilikuwa na desturi hiyo: mmoja aliitwa kwa Kijapani seme, kutokana na kitenzi cha kushambulia, na mwingine uke (lisichanganywe na neno letu), kutokana na kitenzi cha kupokea, na ungewatambua kwa urefu wao tangu kwenye jalada. Waandishi wengi wa leo wameiacha desturi hiyo, au wanaichezea makusudi. Mrefu mwenye misuli ndiye anayelia kwenye harusi; mdogo mpole ndiye anayekwenda kumkabili baba mkali. Mmoja anapika leo, mwingine kesho. Anayesoma akitafuta mke ndani ya kitabu atafika mwisho akiwa mikono mitupu, na katikati atakuwa amepitwa na mambo mengi mazuri.

Na ngono? Inategemea kitabu. Wasomaji wenyewe hupima kwa pilipili: vipo visivyo na pilipili, ambamo wapenzi wakiingia chumbani mlango unafungwa na sisi tunabaki nje, na vipo vyenye pilipili tano, ambamo hatuachwi nje ya chochote. Katika hili havitofautiani na riwaya za mwanaume na mwanamke, ambazo nazo zina ngazi hizo hizo. Tofauti na ponografia ni kazi ambayo tukio linafanya. Katika riwaya nzuri ya mapenzi, tukio la chumbani likiondolewa kuna jambo msomaji hatalielewa katika sura inayofuata, kwa sababu ndani yake mtu mmoja alisema kitu ambacho hajawahi kukisema, au alishindwa kukisema.

Chukua mojawapo ya motifu maarufu, yaani hali zinazojirudia kitabu baada ya kitabu: kitanda kimoja. Wawili wanaochukiana wamesafiri kikazi, hoteli imejaa, kimebaki chumba kimoja na kitanda kimoja. Mwandishi asiye na ufundi atawarusha kitandani mara moja. Mwenye ufundi atamfanya mmoja aseme atalala sakafuni, mwenzake amkatalie kwa ukali, kisha walale wakipeana migongo, kila mmoja akihesabu pumzi za mwenzake, na asubuhi mmoja aamke akute shuka limevutwa likamfunika mabegani, ilhali anajua usiku alilala bila kujifunika. Hakuna kilichotokea, na kila kitu kimetokea. Msomaji anajua nani alilivuta shuka. Mhusika ndiye anayejitia hajui. Wanaodharau motifu hizi kwa kuwa zinajirudia wanasahau kwamba ushairi nao una vina na mizani.

Nani ana haki ya kuandika

Huu ndio mjadala mgumu zaidi ndani ya utanzu wenyewe, na siwezi kuumaliza hapa. Wapo wanaume wapendao wanaume wanaolalamika kwamba baadhi ya vitabu vinawageuza kuwa mapambo: miili mizuri, wasio na marafiki wa aina yao, wasio na historia, wanaoishi ili mtu mwingine asisimke. Malalamiko hayo ni ya haki. Nimesoma vitabu ambamo mhusika aliyeficha siri yake maisha yote anaitangaza mbele ya umma kwa sababu tu sura imefika mahali pa kushangilia, bila mwandishi kujiuliza mtu huyo atalala wapi kesho.

Lakini dawa waliyoipendekeza baadhi ya watu, kwamba kila mwandishi aonyeshe kwanza kitambulisho cha moyo wake, imeumiza watu. Becky Albertalli, aliyeandika riwaya ya vijana iliyosifiwa sana kuhusu mvulana apendaye wavulana, alishutumiwa kwa miaka kwamba ni mwanamke aliyeolewa anayejinufaisha kwa maisha yasiyo yake. Mwaka 2020 alilazimika kueleza hadharani kwamba yeye anapenda wanaume na wanawake, jambo ambalo alikuwa bado analielewa ndani ya nafsi yake. Mwaka 2022 yakampata hayo hayo kijana Kit Connor, mwigizaji wa Heartstopper, mfululizo wa televisheni kuhusu wavulana wawili wapendanao, akiwa na miaka 18. Hadithi ambazo ujumbe wake ni kwamba kila mtu ajitangaze kwa wakati wake, zikatumika kuwang'oa watu siri zao.

Mimi naupima ukurasa. Mwandishi amewauliza watu, amesikiliza, amewapa wahusika wake kazi, hofu na marafiki? Au amechora miili miwili akaipa majina? Majibu ya maswali hayo hayafuati jinsia ya mwandishi.

Je, kitabu kinamgeuza msomaji?

Hofu hii husemwa kwa sauti ya juu sana, kwa hiyo naijibu moja kwa moja. Wanaume wapendao wanaume wamelelewa kwa hadithi za mwanaume na mwanamke: ngano, nyimbo, filamu, riwaya za shuleni, mahubiri ya harusi. Wamezisoma maisha yao yote na nyingine wamezikariri. Kama hadithi ingekuwa na nguvu ya kugeuza moyo, wasingebaki hata mmoja.

Kitabu kinachoweza kufanya ni kumfanya mtu aliyejiona yuko peke yake ajue hayuko peke yake, na aliye nje aone ndani kwa saa chache. Baadhi ya serikali huliogopa hilo kweli kweli. Urusi, riwaya ya Elena Malisova na Katerina Silvanova kuhusu wavulana wawili waliokutana kwenye kambi ya vijana ya enzi za Kisovieti ilitoka mwaka 2021 na kuuzwa nakala zaidi ya 200,000. Desemba 2022 sheria iliyokuwa ikidai kulinda watoto dhidi ya habari za mapenzi ya jinsia moja ilipanuliwa hadi kwa watu wazima, na kitabu kikaondolewa madukani. Waandishi wake waliihama nchi. Uchina, mwaka 2018, mwandishi wa riwaya ya mapenzi kati ya wanaume alihukumiwa kifungo cha miaka 10 na nusu kwa kosa la kutengeneza na kuuza machapisho ya ngono. Ukiyasoma hayo kisha ukarudi kwa Forster na muswada wake uliofungiwa, unaona kwamba miaka 100 si mingi kama tunavyodhani.

Na kwa Kiswahili?

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo ninalolipenda zaidi. Wanaoandika riwaya hizi kwa Kiingereza wana kero moja isiyokwisha. Lugha yao ina kiwakilishi kimoja cha mwanaume na kingine cha mwanamke, na mapenzi ya mwanaume na mwanamke hujipanga yenyewe: kila kiwakilishi kina mtu wake. Wakiwa wanaume wawili, kiwakilishi ni kile kile, na msomaji anapotea. Mkono wa nani uko begani kwa nani? Waandishi huhangaika kwa kurudia majina kila mstari, au kwa kuandika "yule mrefu" na "yule mwenye nywele nyeusi" mpaka msomaji achoke.

Sisi tuna "yeye" mmoja kwa watu wote. Tumesimulia mapenzi kwa karne nyingi bila kiambishi kutuambia nani mume nani mke, na tumejua kupanga watu ndani ya sentensi kwa majina, kwa "huyu" na "yule", kwa "mwenzake". Mashairi yetu ya mahaba yamejaa muhibu, laazizi na mpenzi, na mara nyingi beti zinakwenda hadi kikomo msikilizaji asijue anayeimbwa ni nani. Kero ya Waingereza kwetu ni hali ya kawaida tu.

Ila mfasiri anapata mtihani mwingine. Andika hivi: "Alimshika mkono. Hakuuachia, hata mlango ulipofunguliwa." Kwa Kiingereza, neno la kwanza tu la sentensi hiyo lingeshasema kwamba aliyeshika ni mwanaume, na sentensi ya pili isingekuwa na siri yoyote. Kwa Kiswahili msomaji ameona mkono, ameona mlango, ameingiwa na wasiwasi juu yao, ametamani wasiachane. Sentensi ya tatu ndiyo inayotaja majina, Rashidi na Musa, na kufikia hapo tayari alikuwa upande wao.